Adabu ya Msafiri Ugenini: Kutoka Misafara ya Chumvi ya Wasukuma wa Mashariki hadi Utalii wa Serengeti

Utangulizi

Kata ya Zagayu imo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Kabla ya mkoa huo kuundwa mwaka 2012, kata hiyo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi. Na katika enzi ya utawala wa Waingereza eneo lote hilo lilikuwa chini ya Wilaya ya Maswa, iliyokusanya himaya za watemi kama Ntuzu, Itilima, Kanadi na Meatu. Wakazi wake walio wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na nafaka, na wafugaji wa ng'ombe. Upande wa mashariki wa nchi hiyo lipo Pori la Akiba la Maswa, na nyuma ya pori hilo imetanda Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kila mwaka wageni kutoka mabara yote huja kutazama wanyama ng'ambo ya pori. Wengi wao huingia na kutoka bila kujua kwamba upande wa magharibi kuna vijiji, na wanavijiji nao huwafahamu wageni hao zaidi kwa vumbi la magari na mlio wa ndege ndogo.

Mijadala kuhusu adabu ya watalii nchini Tanzania huanza, kwa kawaida, na mtalii mwenyewe: mavazi yake, kamera yake, sauti yake, namna anavyojadiliana bei. Insha hii inaanzia mahali pengine. Watu wa Usukuma ya mashariki walikuwa wasafiri wa nchi za mbali kwa vizazi vingi kabla ya kuwa majirani wa hifadhi, nao walikuwa na taratibu madhubuti za mwenendo wa mtu aliye ugenini. Swali la kihistoria, kwa hiyo, si kwa nini watalii wa leo wana adabu au hawana, bali ni kitu gani kilichomlazimisha msafiri wa jana kuwa nayo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba adabu hiyo haikutokana na wema wa moyo wa mtu mmoja mmoja. Ilisimama juu ya mambo mawili: msafiri alimhitaji mwenyeji, na wenzake wa safari waliwajibika kwa kosa lake. Palipokosekana mambo hayo mawili, adabu iligeuka kuwa ushauri tu.

Njia ya chumvi

Chumvi ilikuwa bidhaa adimu katika sehemu kubwa ya Usukuma, na chanzo kimojawapo kilichotegemewa kilikuwa Ziwa Eyasi, lililo chini ya kingo za Bonde la Ufa, kusini-mashariki mwa nchi ya Meatu. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, vijana walifunga safari ya kwenda ziwani kwa makundi, wakachota chumvi iliyoganda ufukweni, kisha wakarudi nayo kwa mabega. Desturi hiyo ilikuwa bado hai katika miaka ya 1930, na mwaka 1938 H. S. Senior aliielezea katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Safari ya chumvi haikuwa biashara peke yake. Ilikuwa pia kipimo cha utu uzima: kijana aliyekwenda Eyasi na kurudi alihesabika kuwa mwanamume aliyeona dunia.

Dunia hiyo ilikuwa na wenyewe. Njia ilipita katika malisho ya Wataturu, karibu na nchi ya Wanyiramba, na ziwani kwenyewe walikuwapo Wahadzabe, wawindaji waliojua kila kisima cha maji. Nyikani Wamasai walihofiwa pia. Kundi la vijana wa Kisukuma waliobeba uta na kibuyu lilikuwa kubwa kiasi cha kutia shaka watu wanaoliona likija, na dogo kiasi cha kuangamizwa likileta ugomvi. Katika mazingira hayo salamu haikuwa pambo. Aliyefika kisimani bila kujitambulisha alikuwa adui mpaka ithibitike vinginevyo.

Ndiyo maana safari iliongozwa. Kundi lilikuwa na kiongozi aliyeijua njia, dawa za safari zilitafutwa kwa mganga kabla ya kuondoka, na kijana wa mara ya kwanza alikuwa chini ya wakubwa wake kuanzia mlangoni mwa mama yake hadi aliporudi. Nidhamu hiyo inafanana na ile ya kijijini, ambako vijana walikuwa na viongozi wao, basumba batale, na juu yao wakawapo wazee, banamhala. Kwa maneno mengine, jamii haikumwacha kijana atoke nje ya mipaka ya mtemi akiwa mtu huru asiye na wa kumjibia. Alisafiri na kijiji chake mgongoni. Akiiba mbuzi wa Mtaturu, deni halikuwa lake peke yake. Kundi litakalopita mwaka unaofuata ndilo litakalolipa, pengine kwa damu.

Misafara ya pwani: hongo na utani

Njia ya chumvi ilikuwa fupi ikilinganishwa na ile ya pwani. Katika karne ya 19 maelfu ya Wanyamwezi na Wasukuma walishuka kila mwaka kwenda Bagamoyo na miji mingine ya mrima, wakibeba pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Safari ya kwenda tu ingeweza kuchukua miezi mitatu. Upagazi huo haukuwa kazi ya kudharauliwa. Kirangozi, yaani mtangulizi wa msafara, alivaa mavazi ya fahari na kushika bendera, na wapagazi waligawana katika vikundi vya kula na kulala pamoja, kila kikundi kikiwa na sauti katika mambo ya msafara.

Taasisi mbili zilizokua katika njia hizo zinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu zote mbili zilikuwa sheria za mgeni.

Ya kwanza ni hongo. Leo neno hilo lina maana ya rushwa, na maana hiyo imeifunika historia yake. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo ya wazi ambayo msafara ulimpa mtawala wa nchi unayopita, na yalijulikana zaidi katika Ugogo, ambako maji yalikuwa machache na kila kisima kilichimbwa kwa jasho la mtu. Richard Burton, aliyepita huko miaka ya 1857 na 1858, na wasafiri wengi wa Ulaya waliomfuata, waliandika juu ya hongo kana kwamba ni unyang'anyi. Kwa mtazamo wa Mgogo mambo yalikuwa tofauti. Msafara wa watu mia kadhaa ulikunywa maji ya mifugo, ulikata kuni na ulinunua chakula hadi bei ikapanda. Kulipa hongo kulikuwa ni kukiri kwamba nchi ina mwenyewe. Mgeni aliyelipa alikuwa na haki ya kulindwa. Aliyekataa alikuwa amesema, bila kutamka, kwamba anapita mahali pasipo na mtu.

Ya pili ni utani. Utani baina ya Wanyamwezi na Wasukuma kwa upande mmoja, na Wazaramo, Waluguru na makabila mengine ya njiani kwa upande wa pili, umewashughulisha wanazuoni tangu R. E. Moreau alipouandikia katika jarida lilelile la Tanganyika Notes and Records mwanzoni mwa miaka ya 1940. Wengine huueleza kama tunda la vita vilivyomalizwa kwa suluhu, wengine kama tunda la biashara ya misafara. Maelezo hayo hayapingani: waliopigana na waliofanya biashara mara nyingi walikuwa watu walewale. Jambo la msingi kwa mada hii ni jinsi utani ulivyofanya kazi. Mtani aliweza kumtukana mtani wake na kuchukua chakula chake bila kuleta ugomvi. Lakini mtani huyohuyo alikuwa na wajibu wa kumsaidia akiugua njiani na kumzika akifa mbali na kwao. Ruhusa ya kukosa adabu kwa maneno ilinunuliwa kwa wajibu mzito wa vitendo. Mpagazi kutoka Itilima aliyeishiwa nguvu katika nchi ya Waluguru hakuwa na ndugu wa damu huko, ila alikuwa na mtu asiyeweza kumkana.

Wazungu waliosafiri na misafara hiyohiyo walikuwa na bunduki, na bunduki ilibadili hesabu. John Hanning Speke alifika Mwanza mwezi Agosti 1858 akitokea Tabora, akalipa ziwa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza, naye alilijua jina hilo. Miaka 17 baadaye Henry Morton Stanley alipigana vita vya siku kadhaa na Wanyaturu kabla ya kuingia Usukuma, na alipofika kwenye mto alioundika kwa jina la Shimeeyu, akautangaza kuwa tawi la kusini kabisa la mto Nile. Mto huo ndio Simiyu, uliolipa mkoa jina lake. Stanley aliutembelea kama mtu anayepima. Waliokuwa wakinywesha ng'ombe kandokando yake walikuwa sehemu ya mandhari. Si kwamba Stanley hakufundishwa adabu nyumbani kwao. Hakuihitaji. Chakula alichokataliwa aliweza kukitwaa, na hakukuwa na msafara wa mwaka ujao ambao ungelipia makosa yake.

Mtemi katika London, 1931

Kuna wakati mmoja ambapo uhusiano huo uligeuka, Wasukuma wakawa wageni wa Waingereza katika nchi ya Waingereza. Mwaka 1931 Kamati ya Pamoja ya Bunge la Uingereza ilikaa London kusikiliza ushahidi juu ya pendekezo la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Waafrika wa nchi zote tatu waliitwa. Kutoka Tanganyika walikwenda watu watatu: Makwaia, mtemi wa Busiya katika Shinyanga, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba wa Tanga, karani mashuhuri ambaye mwaka 1922 alikuwa ameanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali.

Safari hiyo iliacha kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichoandikwa na Kayamba kwa Kiswahili. Hakikuwa cha kwanza cha aina yake. Tangu mwaka 1901 Carl Velten alikuwa amechapisha Ujerumani mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, ambamo Selim bin Abakari alisimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, akiwa katika utumishi wa bwana Mjerumani. Tofauti kati ya vitabu hivyo viwili imo tayari katika anwani. Kayamba aliweka kitenzi cha kuona na kitenzi cha kufanya bega kwa bega, na vyote viwili katika nafsi ya wingi. Mgeni katika anwani hiyo si macho tu. Ni mtu mwenye matendo yanayoweza kuhesabiwa, tena hayuko peke yake.

Nafsi hiyo ya wingi inaeleweka mara moja kwa mtu anayeijua njia ya chumvi. Watu watatu hao walijua kwamba kila wanachofanya kitasomwa kama tabia ya mamilioni waliobaki nyumbani. Kama mmoja wao angeonekana mlevi, mkali au mshamba, hoja kwamba Waafrika hawajawa tayari kusikilizwa ingepata ushahidi. Adabu yao, kwa hiyo, ilikuwa kazi ya kisiasa, na waliifanya wakiwa wamebeba ujumbe usiowapendeza walowezi wa Kenya: Tanganyika haikutaka kuunganishwa. Kamati haikupendekeza muungano. Sababu zake zilikuwa nyingi, na itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba staha ya mashahidi watatu ndiyo iliyoamua. Hata hivyo, uzito wa jambo hauko hapo tu. Mtemi wa Kisukuma alitakiwa kuwa na adabu kamili katika nchi ya watawala wake, ilhali watawala hao walipokuja katika nchi yake hawakupimwa kwa kipimo hicho. Wajibu wa mgeni ulikuwa umekuwa wa upande mmoja.

Mtalii

Neno mtalii limetokana na kitenzi cha asili ya Kiarabu chenye maana ya kutazama au kusoma kwa makini. Ni neno zuri, lakini lina pengo. Mgeni ni jina la uhusiano. Hakuna mgeni pasipo na mwenyeji. Mtalii anaweza kukamilika peke yake, yeye na kile anachokitazama.

Historia ya Serengeti imelipanua pengo hilo. Eneo la hifadhi ya wanyama lilitengwa mwaka 1929 baada ya wawindaji kuua simba wengi mno. Hifadhi ya taifa ikafuata mwaka 1951. Na mwaka 1959 mipaka ilibadilishwa, Ngorongoro ikatenganishwa, na Wamasai wakaondolewa katika Serengeti. Mwaka huohuo ulimwengu ulionyeshwa filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Filamu hiyo ilisaidia sana kuwalinda wanyama. Ilisaidia pia kujenga picha ya nchi ambayo uzuri wake unatokana na kutokuwa na watu. Pori la Akiba la Maswa lilianzishwa mwaka 1962, na kwa wakazi wa vijiji vya magharibi maana yake ilikuwa dhahiri: mahali ambapo babu aliwinda na kuchunga pakawa mahali ambapo mjukuu akikamatwa ni jangili, ilhali mtu aliyetoka mbali, akalipa ada, ni mgeni mheshimiwa.

Ada ndiyo kiini cha mabadiliko. Kwa juu juu inafanana na hongo: mtu analipa ili apite. Ila hongo ilitolewa mbele ya mwenye nchi, baada ya salamu na majadiliano, naye aliweza kuikataa. Ada hulipwa kwa mamlaka, mara nyingi kupitia wakala wa safari aliye katika mji mwingine au nchi nyingine, na mlipaji hana sababu ya kumwona mtu wa Zagayu wala Meatu. Amekwisha kumaliza deni lake kabla hajapanda ndege.

Wasomi wa Tanzania waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1970 wanachama wa Umoja wa Vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliibua mjadala mkali magazetini juu ya utalii katika nchi inayojenga ujamaa, na hoja zao zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Walihoji faida ya kiuchumi, lakini pia walihofia kwamba utalii ungerudisha uhusiano wa bwana na boi kwa jina jipya. Waliotetea utalii walijibu kwa hesabu za fedha za kigeni. Katika mabishano hayo mwenyeji alitajwa kama mfanyakazi wa hoteli au kama raia wa taifa maskini. Hakutajwa kama mtu mwenye haki ya kusalimiwa. Huenda lilionekana jambo dogo mno kwa mjadala wa kisoshalisti. Halikuwa dogo kwa wazee wa Kisukuma, ambao kwao kijana anayempita mtu mzima bila salamu, awe wa kwao au wa mbali, ameonyesha kwamba hana kwao.

Hoja hii isichukuliwe kuwa sifa kwa Wasukuma dhidi ya wengine. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wengi wa Kisukuma wamehama na ng'ombe wao kwenda Usangu, Kilombero, Rufiji na Lindi, na huko wamekuwa wageni wa muda mrefu. Ugomvi wao na wakulima wa nchi hizo unajulikana, na operesheni ya kuwaondoa katika bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007 iliwaumiza watu wengi. Lawama za wenyeji hufanana kwa namna ya kushangaza na lawama dhidi ya watalii: wanakuja wengi, hawaulizi, wanakanyaga, wanalipa mahali ambapo sisi hatupo. Babu zao walipita nchi za watani kwa adabu. Wajukuu wamepewa nafasi kwa barua ya ofisi, au kwa fedha, na mara nyingi hawakupitia kwa mtu ambaye wangemwonea haya. Mila yao haikubadilika kiasi hicho. Njia ya kuingilia ndiyo iliyobadilika.

Mwaka 1999, katika mkutano uliofanyika Santiago, Chile, Shirika la Utalii Duniani lilipitisha Kanuni za Maadili ya Utalii, na ibara yake ya kwanza inahusu kuheshimiana baina ya watu na jamii. Mwaka huohuo Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Utalii. Hati hizo mbili zina nia njema, na hakuna hata moja inayosema ni nani atamwita msafiri aliyekosea na kumdai faini.

Linganisho lililo karibu zaidi liko kwenye lango la Ndabaka, ambako barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapita kando ya hifadhi, karibu na Lamadi. Anayeingia hapo hupewa masharti yaliyo wazi kabisa. Mwendo wa gari usizidi kilomita 50 kwa saa. Asishuke garini pasiporuhusiwa, asiache njia, asipige kelele, asimsogelee mnyama kiasi cha kumbughudhi. Akikiuka, askari wa hifadhi ana mamlaka ya kumtoza. Dereva anayajua masharti hayo kwa moyo na humkumbusha abiria wake, kwa sababu kosa la abiria litakuwa lake pia. Ndani ya lango, kwa manufaa ya nyati na twiga, sheria ya zamani ya msafara inafanya kazi barabara. Gari hilohilo likitoka langoni na kuelekea Bariadi, abiria anaweza kuelekeza kamera kwa mama anayechota maji, na dereva hana la kumwambia isipokuwa kumwomba.